Balozi Asiye na Nchi na Binti wa Siakago

Msomaji mpenzi, barua nyingi zinazonifikia huwa ni za karo, za wakwe na za majirani wanaofungulia redio usiku wa manane. Iliyonijia majuzi kutoka Siakago ilikuwa ya namna nyingine, nami nimeamua kuijibu hapa mbele ya kila mtu kwa kuwa naamini inawahusu wengi kuliko yule aliyeiandika.

Mwandishi wake ni mwalimu wa shule ya msingi. Aliomba nisimtaje jina, na sitamtaja. Anaeleza kwamba binti wa marehemu dada yake, ambaye yeye ndiye mlezi wake, alimaliza kidato cha nne miaka mitatu iliyopita na tangu hapo yuko nyumbani. Wenyeji wa Mbeere wanajua maana ya kuwa nyumbani. Mvua ikikubali ni ndengu na kunde. Ikikataa ni kuchunga mbuzi na kuchuma muguka wa watu. Hata muguka wenyewe haumwamini mtu siku hizi. Mwaka 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta ziliupiga marufuku, na ingawa mahakama ilikuja kuzisimamisha amri hizo, mkulima alikuwa ameshaonja jinsi riziki yake inavyoweza kukatwa na sahihi ya mtu aliye mbali sana naye.

Katika hali hiyo ndipo alipotokea ajenti. Si mgeni, anasema mwalimu, ni mtu wa ukoo wa mbali aliyevaa vizuri na mwenye simu mbili. Ana kazi za nyumbani huko Ghuba, mshahara mara tatu ya ule wa Nairobi, chakula na malazi bure. Binti tayari amepata pasipoti, na pasipoti hiyo imo mkononi mwa ajenti “isije ikapotea.” Kilichobaki ni ada ya karatasi na sahihi ya mkataba, ambao hakuna mtu wa nyumbani aliyeuona.

Mwalimu alikwenda kuomba ushauri parokiani. Huko alisikia habari za Shirika la Malta, shirika la Kikatoliki ambalo lina mabalozi wake maalum wa kupigana na ulanguzi wa binadamu. Sasa ananiuliza mambo mawili. Je, ni kweli kwamba shirika lisilo na nchi linaweza kuwa na balozi? Na kama ni kweli, balozi kama huyo atamfaa nini msichana wa Siakago?

Swali la kwanza ni rahisi, ingawa jibu lake linachekesha kidogo. Ni kweli. Shirika hili lilianzia mjini Yerusalemu yapata mwaka 1048, pale wafanyabiashara wa Amalfi, Italia, walipoanzisha hospitali ya kuwahudumia mahujaji. Mwaka 1113 Papa Paskali wa Pili alilitambua rasmi. Baadaye watawa hao wa hospitali wakashika na upanga, wakahamia kisiwa cha Rhodes, na mwaka 1530 wakapewa kisiwa cha Malta, ambacho ndicho kilichowapa jina. Mwaka 1798 Napoleon aliwafukuza huko. Wakatangatanga hadi mwaka 1834 walipopata makao mjini Roma, na hapo ndipo walipo hadi leo.

Kwa hiyo nchi hawana. Wana majumba mawili mjini Roma, stempu zao, namba zao za magari na pasipoti chache za kidiplomasia. Hawana hata shamba la mahindi. Hata hivyo mataifa zaidi ya 110, Kenya ikiwa mojawapo, yana uhusiano wa kibalozi nao, na tangu mwaka 1994 wana kiti cha mtazamaji katika Umoja wa Mataifa. Mkuu wao, John Dunlap, ni mwanasheria mzaliwa wa Kanada aliyechaguliwa mwaka 2023. Tawi lao la misaada, Malteser International, limefanya kazi hapa kwetu pia, ikiwemo Marsabit nyakati za ukame.

Utauliza, balozi wa nchi isiyokuwepo ana uzito gani? Fikiri kidogo. Balozi wa dola kubwa anapoingia ofisini kwa waziri fulani wa Ghuba kuzungumzia mateso ya wafanyakazi, waziri anajua kwamba mgeni huyo pia ananunua mafuta na anauza ndege za kivita. Mazungumzo yana bei. Balozi wa Malta hana cha kununua wala cha kuuza. Anaweza kupuuzwa, na bila shaka hupuuzwa mara nyingi, lakini hawezi kunyamazishwa kwa zabuni.

Mwaka 2017 Shirika hilo liliteua mabalozi maalum kwa kazi hii moja ya kufuatilia na kupinga ulanguzi wa binadamu. Mmoja wao ni Michel Veuthey wa Geneva, mwanasheria aliyeitumikia Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu kwa miaka mingi. Kazi yao kubwa ni ya vikao: kuzungumza katika mikutano ya Umoja wa Mataifa, kuwakutanisha maafisa wa serikali na watawa wanaotunza walionusurika, na kuandaa masomo kwa njia ya intaneti ili padri, mtawa au mfanyakazi wa jamii ajue dalili za mtu aliyelanguliwa. Na si maneno matupu tu. Tangu mwaka 2008 madaktari na wauguzi wa kikosi chao cha Italia wamekuwa wakipanda meli za walinzi wa pwani karibu na kisiwa cha Lampedusa, mahali ambapo tarehe 3 Oktoba 2013 watu 368, wengi wao vijana wa Eritrea, walikufa maji.

Kabla hatujawasifu zaidi, haki itendeke. Shirika hili lenyewe lilikuwa na watumwa. Kwa karne mbili na nusu lilipotawala Malta, merikebu zake ziliteka Waislamu baharini, na mateka hao wakapiga makasia au wakauzwa sokoni Valletta kama ng'ombe. Mwaka 1749 walipanga kuasi, wakagunduliwa na kuadhibiwa vikali. Utumwa ulikomeshwa kisiwani humo na Napoleon, yule yule aliyewafukuza wenye kisiwa. Nalitaja hili si kwa kuwazomea. Mimi binafsi humsikiliza kwa makini zaidi mtu anayepinga uovu ambao nyumba yake iliwahi kuula, maana hawezi kudai kwamba hajui ladha yake.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo zito.

Watu wengi wakisikia neno ulanguzi wa binadamu wanafikiria minyororo na gunia kichwani. Mwaka 2000 mataifa yalitia mkataba uitwao Itifaki ya Palermo, na wanadiplomasia walibishana muda mrefu juu ya maneno yake. Walipatana kwamba kosa lina sehemu tatu. Kuna kitendo, yaani kumwandikisha mtu, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea. Kuna njia, yaani nguvu, vitisho, hila, au kutumia vibaya unyonge wake. Na kuna nia, ambayo ni kumnyonya. Hebu tazama maneno mawili hapo: hila na unyonge. Mtu anaweza kupanda ndege kwa miguu yake, akicheka, akiwapungia ndugu mkono, na bado akawa amelanguliwa. Idhini yake haimwoshi mlanguzi ikiwa ilipatikana kwa uongo.

Mbeere inaujua unyonge huo tangu zamani. Katika njaa kubwa iliyokumba sehemu hizi kati ya mwaka 1897 na 1901, familia za nchi kavu ziliwapeleka wasichana na wanawake kwa watu wa milimani waliokuwa na chakula, wakae huko kama rehani hadi mvua irudi. Mkataba ulikuwa wa mdomo. Nia ya wazazi ilikuwa njema, njaa ndiyo iliyokuwa mbaya. Mvua ilirudi; baadhi ya wasichana hawakurudi.

Kenya ilijiunga na Itifaki ya Palermo mwaka 2005, na mwaka 2010 Bunge likapitisha sheria ya kupambana na ulanguzi wa binadamu. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, mwendesha mashtaka hahitaji hata kuthibitisha hila au nguvu. Kumchukua kwa nia ya kumnyonya kunatosha, na idhini ya mzazi haibadilishi lolote. Sheria hiyo pia inamkinga aliyelanguliwa asishtakiwe kwa kuwepo nchini kinyume cha sheria kwa sababu ya yale aliyotendewa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba vikao vya mabalozi ni chai na biskuti. Maneno yaliyobishaniwa na watu waliovaa tai yalichukua miaka kumi kutoka ukumbini hadi katika vitabu vya sheria vya Kenya, na leo hakimu wa Siakago anaweza kuyasoma sawasawa na hakimu wa Nairobi. Miaka kumi ni mingi, nakubali. Lakini kabla ya maneno hayo, yule ajenti wa simu mbili angeshtakiwa, kama angeshtakiwa kabisa, kwa kosa la udanganyifu mdogo wa fedha.

Wala si mara ya kwanza kwa watu wa dini kutumia meza za mabalozi kwa ajili ya watu wetu. Wamisionari wa Afrika, wale tuliowaita Mapadri Weupe, walifika Bagamoyo mwaka 1878 wakaelekea Tabora na maziwa makuu, na barua zao kuhusu misafara ya watumwa zilimfikia mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie. Mwaka 1888, kwa baraka za Papa Leo wa Kumi na Tatu, kardinali huyo alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri dhidi ya biashara hiyo. Tarehe 18 Novemba 1889 mkutano wa mataifa ukafunguliwa Brussels, na mwaka uliofuata ukatoa mkataba uliosainiwa na dola 17, Zanzibar ikiwa miongoni mwao. Mwezi Agosti mwaka huo huo wa 1890 Sultani wa Zanzibar alipiga marufuku kununua na kuuza watumwa, ingawa utumwa wenyewe ulisubiri hadi mwaka 1897 kuondolewa nguvu ya kisheria.

Hapo nako pana doa. Mwenyeji wa mkutano ule alikuwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ambaye wakati huo huo alikuwa akijijengea himaya ya mateso huko Kongo. Vita dhidi ya utumwa vikawa kisingizio kizuri cha kugawana bara. Kwa hiyo, msomaji wangu, unaposikia mkuu wa dola anawalilia watumwa, mtazame na mikono.

Lakini siku kumi na moja tu baada ya kufunguliwa kwa mkutano wa Brussels, jambo dogo lilitokea Venice ambalo mimi naliona kubwa kuliko mkutano wote. Msichana kutoka Darfur, Sudan, aliyetekwa akiwa mtoto na kuuzwa mara kadhaa hadi akasahau jina alilopewa na wazazi wake, alikuwa ameachwa kwa muda katika nyumba ya watawa na bibi aliyemmiliki. Bibi aliporudi kumchukua ili wasafiri kwenda Suakin, msichana alikataa. Bibi akakasirika, akadai mali yake. Mkuu wa nyumba ile hakupiga kelele wala hakumficha msichana. Alipeleka shauri kwa wakuu wa Kanisa na wa serikali. Tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haijui utumwa, na kwamba msichana huyo alikuwa huru tangu alipokanyaga nchi ile. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Jina alilopewa na waliomteka lilikuwa Bakhita, yaani mwenye bahati. Alikuja kuwa mtawa, akafariki mwaka 1947, akatangazwa mtakatifu mwaka 2000, na tangu mwaka 2015 sikukuu yake, tarehe 8 Februari, ndiyo siku ambayo Wakatoliki duniani huwaombea waliolanguliwa.

Zingatia kilichomwokoa. Alikuwa mahali ambapo bibi yake hakuweza kufunga mlango kwa ufunguo, na palikuwa na mtu aliyejua apeleke shauri wapi. Hayo mawili ndiyo yanayokosekana katika nyumba nyingi za Ghuba. Mfumo wa huko unaoitwa kafala unamfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Viza yake ni ya mwajiri, na akitoroka nyumba anageuka mhalifu hata kama alikuwa anakimbia kipigo. Mwaka 2021 Saudi Arabia ililegeza masharti kwa wafanyakazi wengi ili waweze kubadilisha waajiri, lakini wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya mageuzi hayo. Mwaka huo huo Bunge letu liliambiwa kwamba Wakenya 89 walikuwa wamekufa Saudi Arabia tangu mwaka 2019, na kwamba wengi waliandikiwa kuwa moyo ulisimama. Mioyo ya vijana, tena waliopimwa afya kabla ya kupewa viza! Mtu hahitaji kuwa daktari kuuliza swali hapo.

Nami nitasema wazi: balozi wa Malta hatavunja mlango wa jiko la Riyadh. Wala wa Kenya hatavunja. Nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu, na mkaguzi wa kazi haingii kama anavyoingia kiwandani. Anachoweza kufanya mwanadiplomasia ni kusukuma, mwaka baada ya mwaka, ili pasipoti isishikwe na mwajiri, mshahara upitie benki, na anayetoroka kipigo ahesabiwe mlalamikaji badala ya mhalifu. Kazi hiyo inachosha kama kupura ndengu kwa fimbo, na wengi wa wanaonufaika nayo hawatajua nani aliyeipura.

Na balozi akiwa mbali, gharama yake tuliiona. Mwezi Agosti 2020, baada ya mlipuko wa bandari ya Beirut, wanawake Wakenya waliofukuzwa kazi walipiga kambi barabarani nje ya ofisi ya konseli wa heshima wa Kenya, wakiomba kurudishwa nyumbani. Kenya haikuwa na ubalozi kamili Lebanon. Mambo ya huko yalishughulikiwa kutoka Kuwait. Shirika la Malta, hilo lisilo na shamba la mahindi, lilikuwa na balozi wake Beirut na vituo vya afya sehemu mbalimbali za nchi. Linganisha na mwaka 2022, pale vijana wetu, baadhi yao wasomi wa kompyuta, walipoahidiwa kazi nzuri Thailand wakajikuta wamefungiwa Laos na Myanmar wakilazimishwa kuwatapeli watu mitandaoni. Bangkok tulikuwa na ubalozi, na ubalozi huo ulishiriki kuwatoa. Wanafunzi mnaosoma safu hii, msidhani jambo hili ni la wasichana wasio na vyeti.

Basi tuje kwa binti wetu na ule mkataba usioonekana.

Mwalimu, pasipoti irudi nyumbani kabla ya jua kutua. Si ya ajenti, ni mali ya serikali iliyokabidhiwa yule binti peke yake. Akikataa kuirudisha, nenda polisi, usibembeleze ukoo. Kisha ulizia jina la kampuni yake katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ambayo ndiyo inayosimamia mawakala wa kazi za ng'ambo na kuweka orodha ya waliosajiliwa. Jina linaweza kufanana kwa herufi moja tu tofauti, kwa hiyo soma kama unavyosahihisha mtihani. Ada ya karatasi nayo inanitia shaka, kwani kwa kawaida mwajiri wa Ghuba ndiye anayegharamia viza na tikiti ya mfanyakazi wa nyumbani. Mtu anayekuuzia ng'ombe aliyekwisha lipiwa na mwingine anataka kula pande mbili.

Mkataba usomwe wote, kwa lugha anayoielewa binti, na wewe ukiwepo. Uwe na jina la mwajiri na mji, mshahara, siku ya mapumziko, na nani atakayelipa nauli ya kurudi. Nakala moja ibaki kwako na nyingine parokiani. Kubalianeni neno la siri ambalo akilitaja kwa simu utajua kwamba hawezi kusema wazi. Na kama hayo yote yakitimia, kampuni ni halali na mkataba ni safi, mwache aende. Nasema hivyo kwa makusudi. Wapo Wakenya wengi waliofanya kazi huko, wakajenga, wakasomesha ndugu, wakarudi salama. Mwaka 2014 serikali ilifuta leseni za mawakala na kuzuia safari, na wenye shida wakaendelea kusafiri, wengine wakipitia nchi jirani ambako hakuna aliyejua habari zao. Kumfungia msichana Siakago si kumlinda.

Kama ajenti akianza kuzunguka, kuna mahali pa kwenda. Shirika la HAART mjini Nairobi limekuwa likishughulika na ulanguzi wa binadamu tangu mwaka 2010, na lina makao ya walionusurika. Watawa wa kike nao wana mtandao wao wa kimataifa uitwao Talitha Kum, ulioanzishwa mwaka 2009, na paroko wako anaweza kuufikia kupitia jimbo la Embu. Hawa ndio wanaopelekewa wale ambao mabalozi huwazungumzia. Bila masista wanaofungua mlango saa nane za usiku, balozi wa Malta angekuwa na hotuba tu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na ajenti wa Siakago ni wa ukoo. Ila sitaki msomaji wa mjini afunge ukurasa huu akidhani nazungumza na watu wa Mbeere na Waarabu peke yao.

Msichana wa Siakago hapandi ndege kwanza. Aghalabu hupanda matatu. Anateremka Nairobi akiwa na mfuko wa nailoni na namba ya simu ya shangazi, na jioni ile anaoshwa macho na jiko la Umoja, Buruburu au Lang'ata. Wakati mwingine ana miaka kumi na minne, na aliyemleta amepewa “nauli” na mama mwenye nyumba. Ukimwuliza mama huyo kuhusu Saudi Arabia atatokwa na machozi ya kweli. Lakini binti analala sakafuni jikoni, anaamka kabla ya watoto wa shule na kulala baada ya baba kurudi, Jumapili hana, na mshahara wake “unawekwa” hadi Desemba ili asiutumie vibaya.

Sheria ya ajira ya mwaka 2007 inamhesabu kuwa mfanyakazi kama wengine: siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka kwa malipo kamili, na mshahara mkononi mwake au katika akaunti yake. Ikiwa ni mtoto, namba 116 hupokea simu za watoto bila malipo, mchana na usiku, na inaweza kupigwa na mtu yeyote, hata jirani anayesikia kilio kupitia ukutani.

Na kitambulisho chake, mama, kile ulichomwekea kabatini mwako siku alipofika ili kisipotee? Mrudishie leo hii, kabla hujaketi kwa chakula cha mchana.